Mama wa Maji Alipooga

Sifa zote zimrudie Mungu, aliyeumba maji kabla ya kumwumba mwenye kiu, akanijalia mimi mtumishi wake kuyanywa kwa miaka mingi kuliko nilivyostahili. Magoti yangu sasa yanapigika kwa shida kanisani, na macho yanadai miwani hata kwa herufi kubwa za kitabu cha nyimbo, lakini pua yangu ameniachia. Kwa pua hiyo nataka kusimulia kiangazi kimoja cha utoto wangu kule Murungu, upande wa Kibondo, kiangazi ambacho nyumba yetu ilipigana na maadui wadogo kuliko punje ya ulezi, ikawashinda.

Wenzangu wa umri huu ukiwauliza utoto wao ulinukia nini, watakuambia moshi wa majani yanayochomwa shambani, au ndizi zinazoivishwa shimoni kwa ajili ya pombe, au vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza. Mimi nilizinusa zote hizo. Lakini inayonirudisha nyumbani upesi kuliko zote ni harufu ya klorini, ile dawa ya maji: kali kidogo, ya baridi, kama shuka jeupe lililotoka kufuliwa. Nikifungua bomba langu hapa Kasulu asubuhi, kikombe kikafika puani kabla ya kufika mdomoni, sioni tena bomba wala ukuta. Naona mtungi mweusi wa Bibi yangu kwenye kona yenye giza, na mdogo wangu Butoyi mgongoni mwa mama, kichwa kimelegea kama ua la boga mchana wa jua.

Nilikuwa na miaka tisa. Jina langu ni Veronika, ila nyumbani niliitwa Vero. Baba alikuwa katekista wa kigango chetu, mama alilima maharage na mihogo kama wanawake wote, na Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hata kama hakuna aliyelitamka jambo hilo. Mwaka mmoja na nusu kabla ya kiangazi ninachokisimulia, mama alijifungua pacha wa kike. Kwetu Buha pacha huja na majina yao. Wa kwanza ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, na hakuna anayekaa chini kufikiri. Bukuru tulimzika kabla hajaota jino la tatu. Alianza kuharisha siku ya Jumatatu, na Alhamisi Baba, ambaye alikuwa amewazikia watu wengi watoto wao kwa sauti isiyotetemeka, alishindwa kumaliza sala ya mtoto wake mwenyewe, ikabidi mzee mmoja wa kanisa aimalizie. Tangu siku hiyo mama hakumtua Butoyi mgongoni ila kwa kumnyonyesha. Kiangazi kilichofuata, Butoyi naye akaanza.

Maji yetu yalitoka kisima cha bondeni, shimo lililozungushiwa mawe, chini ya mteremko unaoteleza hata wakati wa ukame. Mvua zikiwepo kisima kilijaa na maji yalikuwa meupe. Kiangazi kikishika, yalirudi chini, yakawa na rangi ya kijani kama mchuzi wa kisamvu uliokolezwa maji, na ndipo walipotokea wale tuliowaita wachezaji. Ukiteka kwa kata na kuitega juani, uliwaona: vidudu vidogo vyeupe, vinaruka kwa kushtuka-shtuka kama vile kuna ngoma wanayoisikia wao peke yao. Sisi watoto tulishindana nani ana wengi katika kata yake. Wakubwa hawakuwachukia. Walisema maji wanayoishi wachezaji ni maji yenye uhai, na kisima kisicho na mkaaji kina sababu ya kukimbiwa. Kwa hiyo tulipokunywa tulipuliza kidogo, wachezaji wakasogea pembeni, tukameza. Aliyemmeza mmoja wao alichekwa, basi.

Nyumbani maji yaliingia mtungini, na hapo lazima nieleze desturi moja, maana bila hiyo kisa hiki hakina kichwa. Bibi alikuwa ameolewa kutoka Muyama. Wanawake wa ukoo wake, binti anapokwenda kwa mumewe, hubeba kibuyu kimoja cha maji ya mtungi wa mama yake. Akifika, huyamimina kwenye mtungi wake mpya kabla ya maji mengine yoyote, kisha huongeza ya ugenini juu yake, na kuanzia siku hiyo mtungi haukauki mpaka afe. Unateka, unaongeza, unateka, unaongeza, lakini chini daima hubaki kiasi cha viganja kadhaa. Maji hayo ya chini yaliitwa mama wa maji. Waliamini ndiye anayewafundisha wageni tabia za nyumba. Walimwona kama yale machicha ya pombe yanayobakizwa kwenye chungu ili pombe mpya ipate kuchachuka. Bibi aliyapata maji ya mtungi wake kutoka kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Alipokuwa mpweke aliketi karibu na kona ile na kuyasemesha kwa Kiha cha Muyama. Wanawake wengine wanne watano wa kitongoji chetu nao walikuwa wametokea upande huo, na kila mmoja alikuwa na mama wake konani.

Mwezi ule Butoyi alipoanza kuharisha, alipita kwetu Bwana Sudi, bwana afya, kwa baiskeli yake yenye mfuko wa turubai nyuma. Alikuwa Mwislamu wa Ujiji, kijana bado, mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka hata Bibi akadai anaongea kama mtu anayesoma barua. Alitukusanya akinamama na watoto kwenye uwanja wa kanisa, akatoa chupa yenye unga mweupe uliokorogwa, akaeleza. Wale unaowaona, alisema, utawachuja kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Lakini wamo wengine usiowaona, na hao ndio wanaojaza makaburi madogo. Hao hawachujiki, dawa yao ni hii. Kizibo kimoja kwa ndoo moja, koroga, funika, ngoja nusu saa. Kuchemsha nako kunafaa, lakini alijua kuni tulizifuata mbali na hakutaka kutuagiza jambo tutakaloliacha baada ya siku tatu. Kisha akatupa methali ya kwao pwani ya ziwa: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Katika tone moja, alisema, kuna mataifa.

Jirani yetu, Mama Yustina, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na moyo mzuri, ndiye aliyemjibu kwa niaba ya wote.

"Bwana Sudi, sasa ukiwaua wote humo ndani, sisi tutakuwa tunakunywa maji au maiti?"

Uwanja ulicheka. Bwana Sudi naye alicheka, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Bibi hakucheka. Alisema tu, kwa utulivu, kwamba mwacha asili ni mtumwa, akajifunga khanga vizuri na kwenda zake.

Ni Baba aliyeifungulia dawa mlango. Jumapili ile alihubiri juu ya nabii Elisha, aliyeletewa habari ya mji mzuri wenye maji mabaya, maji yanayoharibu mimba za wanawake, naye akaomba chombo kipya chenye chumvi, akaenda hadi kwenye chemchemi na kuimimina. Baba aliuliza kama Mungu alishindwa kuyaponya maji yale kwa neno peke yake. Hakushindwa, alijijibu, ila alipenda mkono wa mtu uwepo na unga mweupe uwepo. Alipokuwa akisema hayo hakumtazama mtu yeyote isipokuwa mama yake aliyeketi benchi la mbele, naye Bibi alitazama dirishani. Jioni, wakati wa kula, Bibi alitoa hukumu. Dawa iingie kwenye ndoo, kwa ajili ya Butoyi. Mtungini isiingie, kwa sababu mama wa maji hatiliwi sumu na wajukuu. Mama yangu akashukuru kwa kupiga makofi taratibu, kama tunavyofanya kwetu mbele ya wakubwa. Hakuna aliyeona kosa katika hukumu ile. Hata mimi sikuliona.

Kazi ya dawa nilipewa mimi. Bwana Sudi alikuwa amenijaribu pua kwa kunipa ndoo tatu, nikaitambua iliyo na dawa nikiwa umbali wa hatua mbili. Akaniambia siri ya kazi ile. Baada ya nusu saa funua na unuse. Ukipata harufu kwa mbali, dawa bado imesimama, maadui wamekwisha. Ukikosa, maana yake wao walikuwa wengi, wameimaliza dawa wenyewe, ongeza tena. Basi kila siku nilitoka bondeni na ndoo kichwani, nikachuja kwa kitambaa cha altare kilichochakaa ambacho Baba alitupa kwa ruhusa ya padri, nikatia kizibo, nikafunika, nikakaa juu ya kinu nikingoja kivuli cha mgomba kifike kwenye jiwe nililoliwekea alama. Kisha nilifunua, nikainama, nikapaza sauti ili nyumba nzima isikie: "Ipo!" Mama akajibu amina. Ndipo maji yalipomiminwa mtungini, juu ya mama wa maji, na sote tukateka humo, Butoyi akiwemo.

Siku za kwanza alipata nafuu, tukaanza kushangilia. Halafu ikarudi, na safari hii ilirudi na hasira. Ngozi ya tumbo lake ukiifinya ilibaki imesimama. Alilia bila machozi, na baadaye akaacha kulia, jambo lililotutisha zaidi. Mama Yustina alifika kutujulia hali, akaketi, akamtazama mtoto, na mzaha wake wote ukamwisha. Aliponyanyuka alimnong'oneza mama kwamba pengine ni heri kuiacha dawa ile, maji yaliyouawa hayawezi kumpa mtoto uhai. Nilimwona mama yangu katika usiku wa manane wa moyo wake, ingawa ilikuwa saa nane ya mchana. Alifungua sanduku, akatoa kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kile tulichomvisha Bukuru siku ya kumzika, akakitazama, akakirudisha, akafunga. Hakujua kwamba nipo mlangoni.

Bwana Sudi aliitwa, akaja mbio na baiskeli. Alinusa ndoo yangu, akasema ipo. Alitazama kitambaa, kilikuwa safi. Alipima kizibo, kilikuwa sawa. Akamfundisha mama kumpa mtoto maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo na sukari, kijiko kwa kijiko, mchana kutwa. Alisema mtoto asipobadilika kesho kutwa, abebwe hadi hospitali Kibondo, na kwa jinsi alivyokuwa kila mmoja wetu alijua safari ile na njia ile ya vumbi maana yake nini. Kisha alisimama uani akiwa amekunja mikono, kijana wa watu. Bibi akamletea kigoda. Sidhani kama alikuwa akimkejeli. Nadhani alimwonea huruma.

Baada ya yeye kuondoka nilisikia kiu. Nilikwenda kwenye kona, nikachota kwa kata kutoka mtungini, nikapeleka mdomoni, na kwa mazoea ya siku zile nikanusa kwanza. Haikuwepo. Nilinusa tena. Maji yale yalinukia udongo na ukungu, kama yalivyonukia tangu nizaliwe. Nilitoka na kata hadi mlangoni penye jua, na mle ndani, katika maji niliyoyachuja kwa mikono yangu kwa kitambaa cha altare na kuyanusa mwenyewe asubuhi ile, mchezaji mmoja aliruka. Kisha wa pili. Nilisimama pale mpaka mkono ukachoka. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua kuhesabu moja na moja. Hao hawakutoka bondeni. Walikuwa humu ndani kabla yangu.

Nilimwendea Baba kwanza. Alisikiliza hadi mwisho, akafunga kitabu chake, akavua miwani.

"Mwanangu, hilo ni la Bibi yako," alisema. "Mwambie wewe, kwa heshima. Mimi nimempinga mama yangu mara moja tu maishani, na bado ananikumbusha."

Basi asubuhi iliyofuata, baada ya sala, nilichukua chupa nyeupe ya soda. Nilimwomba Bibi ruhusa ya kuchota chini kabisa ya mtungi, akadhani nataka maji ya mama kwa ajili ya kumpaka mgonjwa, akaniruhusu kwa upole. Nilipoitoa chupa, nilipiga magoti mbele yake mlangoni, nikapiga makofi, nikamwambia nina neno. Bibi alikuwa akinitania kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wa kike, kana kwamba tumeolewa na babu mmoja.

"Sema, mke mwenzangu. Leo umeniletea shitaka gani?"

Nilimpa chupa. Macho yake hayakuona vya karibu, kwa hiyo aliinyoosha mbali kwa mkono wote, kuelekea jua lililokuwa linapanda juu ya migomba. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwa amewahi kuona chini ya mtungi wake mwenyewe. Ulikaa gizani, ukitekwa kwa kata, ukiongezwa. Sasa aliuona. Matope laini yalikuwa yakizunguka kama moshi, na ndani ya matope vijidudu vyekundu vilijikunja na kujikunjua kama nyuzi zilizo hai, na juu yao wachezaji, kundi zima. Alitazama kwa muda mrefu. Mgongoni mwa mama, Butoyi alikohoa kidogo. Nikamwambia Bibi kwamba kila siku natia dawa kwenye ndoo, inakuwepo, kisha tunaipeleka kwa hawa, wanaimaliza, na mtoto anakunywa mabaki ya vita.

Nilingoja kofi. Nilingoja pia kulia kwake, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Bibi aliteremsha chupa akaiweka kwenye mapaja yake, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mkono wa mgeni.

"Mama yangu hakunipa hivi vyekundu," alisema hatimaye. "Hivi ni vya uvivu wangu." Midomo yake ikatembea, sijui alimsemesha Mungu au Muyama. Kisha akainuka. "Haya. Kwani ni nani aliyesema mama haogi? Lete dawa."

Kilichofuata hakikuandikwa katika kitabu chochote cha bwana afya. Bibi hakukubali mama wa maji amwagwe, wala mimi sikuthubutu kutaja. Aliagiza mtungi wote uchujwe kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, taratibu, kwenye chungu kingine. Vidudu na matope yaliyobaki juu ya kitambaa alivipeleka mwenyewe nyuma ya nyumba, akavizika chini ya mgomba. Maji yaliyochujwa akayaacha mpaka adhuhuri ili uchafu uliosalia uzame, kisha ya juu, yaliyo meupe, akayajaza kwenye chupa moja. Chupa hiyo ndiyo ikawa mama. Nilitia dawa kidogo, tukafunika, tukangoja kivuli kifike kwenye jiwe. Nilinusa. Haipo. Nilitia tena. Kivuli kikatembea tena. Haipo. Mama Yustina alikuwa amekuja, ameegemea mti wa uzio, akikitazama kivuli pamoja nasi. Mara ya tatu nilikaribia kukata tamaa. Niliinama juu ya mdomo wa chupa, nikafumba macho, na kwa mbali, mbali sana, kama mtu anayekuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa bonde, nikaisikia puani.

"Ipo," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo. Bibi aliichukua chupa, akanusa mwenyewe, akanirudishia. Akasema wakati wote huo mama wa maji alikuwa amelala, sasa ameamka.

Mtungi tuliusugua kwa mchanga na majivu, tukausuuza kwa maji ya dawa, tukauanika uani mdomo wazi. Jua lilipoingia hadi chini kabisa, Bibi aliinama akatazama ndani akacheka peke yake. Tukaurudisha konani, tukamimina chupa ile kwanza, kama bibi harusi anavyofanya, kisha ndoo yangu juu yake. Kila jioni nilinusa, si ndoo tena bali mtungi, na siku mbili za mwanzo udongo wenyewe ulikula dawa ikabidi niongeze. Siku ya tatu harufu ilisimama.

Siwezi kusema ni dawa peke yake, maana kulikuwa na vijiko vya maji ya chumvi na sukari, kulikuwa na mama asiyelala, na juu ya vyote alikuwepo Mungu anayesikia. Lakini nasema niliyoyaona. Siku ile aliyoitaja Bwana Sudi, Butoyi alikuwa ameanza kuvipokea vijiko kwa pupa, tukaiahirisha safari ya Kibondo. Siku ya nne Butoyi alilia na machozi yakatoka, na mama alipoyaona akalia naye. Siku ya sita alidai uji kwa kupiga bakuli. Baada ya juma la pili alishuka mgongoni mwa mama, akasimama, akavuka ua mzima kwa miguu miwili hadi kwa Bibi, akaanguka mapajani pake akicheka. Kile kitambaa cheupe cha sandukuni mama alikitoa, akakishona kuwa gauni. Mvua ya kwanza ilipokuja, Butoyi alicheza humo akiwa na gauni lile, na hakuna mtu aliyemkemea kwa kulichafua.

Bwana Sudi alipopita tena, alikuta uwanja wa kanisa una mitungi mitano imeanikwa jua, midomo juu, na wanawake wa Muyama wameketi pembeni na chupa zao wakingoja kivuli. Bibi ndiye aliyesimamia, na Mama Yustina alikuwa msemaji wake, akiwaeleza wengine kwa sauti kubwa mambo ambayo mwezi uliopita aliyacheka. Bwana Sudi alishikilia baiskeli yake akasikiliza habari yote. Akasema chuoni alikaa miaka miwili na hakuna mwalimu aliyemfundisha kumwogesha mama wa maji.

"Ulisomea ndoo, mwanangu," Bibi alimwambia. "Sisi tunaishi na mtungi."

Kijana wa Ujiji alicheka hadi akaegemeza baiskeli ukutani. Tangu hapo, kila kitongoji alichoingia, hakuanza kwa kuhubiri. Alianza kwa kuomba aonyeshwe chini ya mtungi. Nasi tukawa na desturi mpya juu ya ile ya zamani: mama wa maji huoga kila Jumamosi, kwa sababu, Bibi alisema, Jumapili anakwenda kanisani kama sisi sote. Sikumbuki kaburi jingine dogo katika nyumba yetu baada ya hapo. Baada ya Butoyi mama alizaa watoto wengine watatu, na wote walimzika yeye, kama inavyopasa.

Miaka imekwenda. Murungu sasa ina tangi na vituo vya kuchotea, na kisima cha bondeni kimebaki cha kunyweshea ng'ombe. Butoyi, ambaye karibu tumkatie nguo ya kuzikwa, ana wajukuu, na kamati ya maji ilimchagua kuwa mtunza tangi. Ndiye anayepanda ngazi na kopo la klorini, na kijana akimletea mashine ya kupimia, hupima kwanza, kisha hunusa kwa siri. Mimi niliolewa nikahamia Kasulu, nikafundisha katekisimu mpaka watoto wa wanafunzi wangu wakawa wanafunzi wangu. Hapa maji yanakuja yenyewe ukutani, yakiwa yamekwisha kutiwa dawa na watu nisiowajua, na huwaombea kila asubuhi. Wajukuu zangu hulalamika kwamba yananuka, wanataka ya chupa za dukani. Siwagombezi. Mtu hawezi kuipenda harufu ya ushindi wa vita ambayo hakuwepo. Lakini nafikiri sisi tulikuwa na kitu kimoja ambacho wao hawana: tuliyajua maji yetu kama unavyomjua jirani, tulijua yametoka wapi, nani yumo ndani yake, na lini amelala. Wao wana maji bora kuliko sisi na hawajui kuyashukuru, nasi tulishukuru kwa maji mabaya mpaka karibu yatumalize. Laiti shukrani yetu na bomba lao vingekaa mtungi mmoja.

Mtungi ninao. Upo kona ya jiko langu, mdogo, mweusi, na ndani yake kuna mama wa maji niliyempokea kwa Bibi siku ya ndoa yangu, Muyama na Murungu zikiwa pamoja katika chupa moja, ameoga kila Jumamosi tangu siku hiyo. Mwezi uliopita mjukuu wangu mkubwa, yule anayelalamika kuliko wote, aliolewa na kijana wa Mwanza. Nilidhani hatanikumbuka. Siku ya kuondoka, gari likiwa limewashwa nje na wenzake wakimwita, aliingia jikoni na chupa tupu ya maji ya dukani, akapiga magoti kwenye vigae, akapiga makofi mawili. Nilimjazia. Akatoa kidonge cha dawa ya maji mkobani, alikuwa amekinunua mwenyewe, akakitumbukiza, akafunga, akakaa chini na vazi lake lote la harusi, akaangalia saa ya simu. Nje walipiga honi. Hakuinuka. Nusu saa ilipotimia alifungua kizibo, akainamisha pua, akafumba macho.

"Ipo, Bibi," akasema.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuweke mahali penye maji safi, akuonyeshe yaliyo chini ya mtungi wako kabla hayajakudhuru, na akupe mtoto wa kukuambia kwa heshima, na moyo wa kumsikiliza. Watoto wako wakuzike wewe, baada ya miaka mingi, wakiwa na mvi. Amina.